Mungu Hakuwaadhibu Watu wa Katesh

Tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Sisi wa Babati tulikuwa tukijiandaa kwenda ibadani habari zilipoanza kuingia kwenye simu: Mlima Hanang umemeguka, matope yameingia Katesh. Maji, udongo, mawe na magogo vilishuka kwenye mikondo ya mlima hadi mji wa Katesh na kijiji cha Gendabi, vikazoa nyumba, maduka, mifugo na watu. Hesabu ya waliokufa ilifika 89. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, akakatisha safari na kurudi.

Maiti zilikuwa bado zinatafutwa kwenye tope, na tayari maelezo yalikuwa yamezagaa kwamba Mungu amekasirika. Hapa kwetu Maisaka, Babati, niliyasikia kwenye mashine ya kusaga, nikayasikia kwa vijana wa bodaboda, na kilichoniuma kuliko vyote, niliyasikia msibani, kutoka kwa mtu aliyeshika Biblia mkononi. Mmoja alitaja ulevi, mwingine uzinzi, mwingine matambiko ya mlimani. Kila mtu alikuwa na dhambi yake ya kuwapachika marehemu. Miaka inapita na maneno hayo hayajafa. Mvua ikizidi, yanarudi.

Ninabisha, na ninabisha nikiwa Mkristo. Anayesema watu wa Katesh waliadhibiwa anadhani anamtetea Mungu, kumbe anamvua kile ambacho imani yetu imekitangaza tangu mwanzo, kwamba upendo wake haukomi wala hauna msimu. Na rai hiyo haiishii kwenye maafa. Inasema aliyepatwa ameadhibiwa, aliyefanikiwa amependwa. Hivyo mwenye gorofa na gari anahesabiwa kuwa karibu na Mungu kuliko mama anayeuza mboga kando ya barabara, na mgonjwa anaulizwa ametenda nini kabla hajaulizwa amekula nini. Upendo wa Mungu unageuzwa mshahara: ukifanya kazi unalipwa, ukikosea unakatwa.

Kwanza tulitazame lile tope lenyewe. Hanang ni mlima wa volkano wenye urefu wa mita 3,420. Wataalamu wa jiolojia waliokwenda huko walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua nyingi, ikalemewa, ikameguka, na yale mabonge yakachanganyika na maji yakawa tope linalokimbia. Ulikuwa msimu wa El Niño, na mvua zilizidi karibu Afrika Mashariki yote. Katesh imejengwa chini ya mlima kwa sababu ileile iliyowafanya watu wengi duniani wajenge chini ya milima, yaani maji na udongo wenye rutuba. Hakuna mahali katika mlolongo huo ambapo pengo linabaki likisubiri kujazwa na dhambi ya mtu. Miongoni mwa waliokufa walikuwemo watoto. Anayeshikilia kwamba ile ilikuwa adhabu atuambie mtoto wa kubebwa mgongoni alikuwa amemkosea Mungu nini.

Najua atajibu nini, maana nimejibiwa hivyo: laana ya ukoo. Siku hizi laana ya ukoo inafungua kila mlango ambao hoja imeshindwa kuufungua. Lakini Yesu aliulizwa swali hilohilo karibu neno kwa neno. Wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Akakataa yote mawili. Hakuchagua la pili eti kwa sababu la kwanza halikuwezekana. Amesimulia Yohana katika sura ya 9, na ni ajabu kwamba sura hiyo husomwa makanisani kila mara, kisha watu haohao wanatoka nje kwenda kuchunguza babu wa jirani alifanya nini.

Liko jambo lililo karibu zaidi na Katesh. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, watu wanamletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato. Yeye mwenyewe anaongeza habari ya pili ambayo hawakumwuliza, ya mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu 18. Anawauliza kama wanadhani wale walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu, kisha anajibu mwenyewe kwamba sivyo. Ikiwa kuna mahali popote ambapo Bwana wetu alizungumzia jengo kuanguka au mlima kumeguka, ni hapo, na jibu lake ni hapana.

Wanaonipinga hukimbilia sentensi inayofuata, ile inayowaita wasikilizaji watubu wasije wakaangamia vilevile. Ni kweli imo, nami siikwepi. Lakini iliambiwa nani? Waliokufa chini ya mnara walikuwa wamekwisha kuzikwa. Iliambiwa wale waliokuja na habari, waliosimama wakijadili maiti za wengine. Kwa hiyo baada ya Katesh, kama kuna toba ya kufanywa, ni yetu sisi tuliobaki Maisaka na paa zetu juu ya vichwa, na ningependa ianze na vinywa vyetu.

Nikifika hapo naletewa Kumbukumbu la Torati, sura ya 28, yenye orodha ndefu ya baraka kwa watii na laana kwa waasi. Wahubiri wa mikutano ya hadhara wanaipenda sura hii kuliko Injili zote nne. Sitasema haimo, wala kwamba Agano la Kale halina adhabu. Ninachosema ni kwamba Biblia ileile iliyobeba sura hiyo imebeba pia kitabu cha Ayubu, na kitabu cha Ayubu kiliandikwa kama kumjibu mtu anayeitumia sura hiyo kama rula ya kupimia watu. Rafiki watatu wa Ayubu walisema hasa kile ninachokisikia mashineni: hakuna anayepatwa bure, jichunguze, tubu. Walisema kwa ufasaha mkubwa, sura baada ya sura. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, na anataka Ayubu, yule mwenye majipu, awaombee.

Hata pale manabii waliposema taifa linaadhibiwa, tazameni walivyolisema. Kitabu cha Maombolezo kiliulilia mji uliobomolewa na Wababeli karne ya 6 kabla ya Kristo, na mwandishi wake anakiri wazi kwamba watu wake walikosa. Lakini anasema akiwa ndani ya magofu, ana njaa, analia, na dhambi anayoitaja ni pamoja na yake. Na katikati kabisa ya kitabu hicho, sura ya 3, akiwa hana hata sababu moja inayoonekana kwa macho, anatamka kwamba rehema za Mungu hazijaisha. Hosea naye, baada ya kuorodhesha maovu ya Efraimu, anamwonyesha Mungu ambaye moyo wake unageuka ndani yake kwa kuwa hawezi kumwachilia mwanawe. Kutoka hapo hadi kwa mtu aliyekula akashiba, akachukua kipaza sauti msibani akamwambia mjane mume wako alikuwa mkosaji, ni mbali sana. Nabii alilia na mji wake. Huyu wa kwetu hakulia.

Sasa niseme jambo linalotuhusu sisi wa Manyara peke yetu, kwa sababu naamini rai hii ina mizizi ambayo haikutoka Yerusalemu.

Wazee wa Kiiraqw, kabla wamisionari hawajafika, walimjua Looa, muumba, waliyemnena kama mama na kumhusisha na jua. Alikuwa mwema. Mabaya mengi hawakuyaweka mlangoni kwake. Waliyahusisha na netlangw, roho wa kwenye chemchemi na mito. Simwiti Looa Baba wa Yesu Kristo, hiyo ni kazi ya wanateolojia waliosoma kuliko mimi. Ninachotaka kusema ni kwamba bibi zetu ambao hawakuwahi kumwagiwa maji ya ubatizo walikuwa wagumu kumtwika muumba wao ubaya. Sisi tuliobatizwa, tunaosoma kwamba Mungu huwaangazia jua lake wema na waovu, tumekuwa wepesi wa kusema ametuma tope kuua watoto.

Lakini wazee hao walikuwa pia na metimani, na hapo ndipo shida yetu ilipo. Mtu aliyepatwa na msiba wa aina fulani, kwa mfano kifo ndani ya nyumba au mimba iliyoharibika, aliwekwa kando. Hakupeana mkono na watu, hakukaa nao kwenye pombe, hakuchota maji pamoja nao, mpaka muda wake uishe. Uzito mkubwa ulimwangukia msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa. Huyo alifukuzwa nje ya mpaka wa nchi, akajifungulie kwa watu wengine, kwa hofu kwamba uchafu wake ungeharibu ardhi na kuzuia mvua. Aliyepatwa alikuwa hatari. Kumgusa ni kushiriki mkosi wake.

Injili ilipofika ilikuwa na neno moja kubwa la kusema juu ya utaratibu huo, yaani Mungu anamgusa mwenye ukoma, anamruhusu mwanamke mwenye kutokwa na damu ashike vazi lake, na hachafuki. Mengi yalibadilika, nami nashukuru. Hospitali ya Haydom, iliyoanzishwa na Walutheri wa Norwei mwaka 1955, na ile ya Wakatoliki kule Dareda zimewapokea miaka yote hii watu ambao wengine waliogopa kuwashika. Huo ndio upendo wa Mungu ninaoujua, wenye dripu na shuka safi.

Ila metimani haikuondoka yote. Ilibatizwa ikapewa jina jipya. Katika sharika nyingi bado binti akipata mimba nje ya ndoa anatengwa na Meza ya Bwana, na ili arudi kundini anasimamishwa mbele ya watu wote, Jumapili, aungame kile ambacho tumbo lilikwisha kukisema. Kijana aliyempa mimba mara nyingi yuko palepale, anaimba besi kwayani. Namfahamu binti mmoja aliyepitishwa hapo, katika usharika ambao sitautaja. Nilipokwenda kumsalimu bibi yake, baada ya shikamoo na marahaba, bibi aliniambia, “Mwanangu, zamani wangemvusha mto. Siku hizi wanamvusha mlango wa kanisa.” Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu bibi yule alikuwa ameona nyakati zote mbili na aliujua ukweli wake.

Nisieleweke vibaya. Kanisa lina haki ya kufundisha ndoa na usafi wa maisha, na mchungaji anayekaa na kijana faraghani akamwambia ukweli kwa upole anafanya kazi ya Mungu. Ninachokipinga ni ile picha ya Mungu inayojengwa mbele ya watoto waliokaa kwenye mabenchi siku ile. Wanamwona Mungu ambaye upendo wake unakatwa kama umeme wa luku: salio likiisha, giza, na lazima mtu alipe hadharani ndipo urudi. Watoto hao wakikua, wakisikia mlima umemeguka Katesh, wanafikiri nini? Wanafikiri salio la Katesh liliisha. Hatuwezi kuwafundisha hivyo Jumapili halafu tukashangaa Jumatatu.

Biashara nayo imeingia papo hapo. Kama upendo wa Mungu unaweza kuisha, basi yupo wa kuuuza. Ndiyo maana kuna mbegu ya muujiza, sadaka ya kujimaliza, maji, chumvi, mafuta. Tarehe 1 Februari 2020, uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakigombea kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa na upako. Wengi wetu tulipita Moshi siku za karibu na hizo, na tulijua hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu waliochoka, wagonjwa, wenye watoto wasio na ada, walioaminishwa kwamba Mungu yuko upande wa pili wa kitu fulani na asiyewahi atakosa. Na mwaka 2023 kule Shakahola, kaunti ya Kilifi, nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini wa kundi lililofundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Umbali kati ya Mungu anayetaka ujimalize mfukoni na Mungu anayetaka ujimalize mwili ni mfupi kuliko tunavyopenda kukiri.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu huletwa na watu ninaowaheshimu, wazee waliolitunza kanisa hili kwa miaka mingi. Wanasema, ukihubiri kwamba Mungu anapenda bila kukoma, utawaharibu watu, kila mmoja atafanya atakavyo. Paulo aliletewa shutuma hiyohiyo, na katika Waraka kwa Warumi, sura ya 6, anaijibu. Jambo la kuangalia ni kwamba katika kujibu hapunguzi hata chembe ya upendo alioutangaza. Hasemi, basi tuweke masharti kidogo. Anasema aliyependwa hivyo ameyafia maisha yale ya zamani, hawezi kukaa humo tena.

Tena tuwe wakweli kuhusu kile ambacho hofu imetuletea. Tumehubiri hasira kwa miongo mingi. Je, mimba za mabinti zimekoma? Hazijakoma, zimejificha. Binti anaondoka usiku kwenda Arusha kufanya kazi za ndani kwa mtu asiyemjua, au anakwenda kwa mtu wa kutoa mimba na kurudi akiwa nusu mfu, kwa sababu mlango wa mwisho ambao angefikiri kuugonga ni wa mchungaji. Hofu haikumfanya mtakatifu. Zakayo wa Yeriko alikuwa mkuu wa watoza ushuru, mkosaji anayejulikana na mji mzima. Yesu alijialika nyumbani kwake kwanza, akiwa bado hajarudisha senti. Kurudisha mara nne kulikuja baadaye, na hakuna aliyemlazimisha. Ukiupindua mpangilio huo, ukaweka marejesho kwanza na kuingia nyumbani kwake baadaye, umeshaandika hadithi nyingine ambayo Luka hakuiandika.

Linabaki swali ambalo mama aliyefukiwa watoto wake ana haki ya kuliuliza, na mimi sina haki ya kulirahisisha: kama anapenda, alikuwa wapi asubuhi ile? Wanaosema ni adhabu wana jibu la haraka, na ndiyo maana wanasikilizwa. Imani ya Kikristo haimpi jibu la haraka. Inampeleka msalabani. Kwa kipimo cha mafanikio, Yesu wa Nazareti ndiye mtu aliyelaaniwa kuliko wote: alikufa kijana, hana nyumba, amevuliwa nguo, nje ya mji, rafiki zake wamekimbia. Na wasimulizi wa Injili wanatuambia palikuwa na watu pale Golgotha waliosema wazi kwamba kama Mungu anapendezwa naye, basi amwokoe sasa. Ile hoja ya mashineni, kwamba anayependwa na Mungu hapatwi, ilikwisha kutamkwa siku hiyo, na waliotamka walikuwa wenye kudhihaki. Mkristo anayeirudia msibani hajui amesimama na nani.

Tunachokiri ni kwamba aliyekuwa pale juu, akilia kwamba ameachwa, alikuwa ndiye mpendwa. Kwa hiyo kupatwa hakuwezi tena kuwa ushahidi wa kuchukiwa. Paulo anapoorodhesha vitu visivyoweza kututenga na upendo wa Mungu anataja njaa, uchi, hatari, upanga. Haandiki kwamba waumini hawatavipata. Anavitaja kwa sababu walikuwa wanavipata. Kwenye orodha hiyo mtu wa Hanang anaweza kuongeza tope bila kuharibu sentensi.

Na siku zile za Desemba upendo huo haukukosa mikono. Watu wa Babati walitoa unga, maharage, mablanketi, nguo za watoto. Vijana waliingia kwenye tope na majembe. Wauguzi walikesha. Kanisani na msikitini michango ilipokelewa, na sikuona mtu aliyeuliza blanketi litafunika dhehebu gani. Watu walewale waliosema Mungu amekasirika, wengi wao walitoa. Mikono yao ilikuwa na teolojia bora kuliko midomo yao, nami ninawaomba waiamini mikono.

Wazee wa kanisa, wainjilisti, makatekista na wachungaji wa Maisaka, mkipewa kipaza sauti msibani, msitafute kosa la marehemu. Mabaraza ya wazee yatakapokaa kupanga ratiba ya Majilio, wekeni ajenda ya kufuta utaratibu wa kumsimamisha binti mbele ya usharika. Ukifutwa kabla ya Jumapili ya kwanza itakuwa vizuri zaidi. Na wewe unayesoma, kama kuna mtu mtaani kwako uliyeacha kumsalimu kwa sababu ya yaliyompata, nenda leo ukamsalimu, na ukae naye mpaka chai iive.